Kutoka Tokeo hadi Matini: Hoja Kuhusu Anwani katika Matokeo ya Terminali

1.0 Utangulizi

Tangu kompyuta zianze kutumika katika uchunguzi wa lugha, mjadala miongoni mwa wanaisimu umeelekea zaidi kwenye wingi wa data. Huulizwa kongoo ina maneno milioni ngapi, matini zake zimekusanywa kutoka wapi na maneno yake yameainishwa kwa utaratibu gani. Kwa upande wa Kiswahili hatua kubwa imepigwa. Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki, iliyoasisiwa na Arvi Hurskainen, katika toleo lake la pili la mwaka 2016 ina maneno yapatayo milioni 25. Hata hivyo, liko swali jingine ambalo ni dogo kwa sura lakini zito kwa matokeo yake, nalo halijapewa nafasi inayostahili. Mtafiti akishaupata mstari alioutafuta kwenye kioo cha kompyuta, hurudije kwenye matini ulimotoka mstari huo?

Makala haya yanajadili njia moja ya kurudi, yaani kufungua faili katika kihariri cha matini kwa kubofya tokeo lililoandikwa kwenye terminali. Kwa msomaji asiyezizoea istilahi hizi, terminali ni dirisha ambamo mtumiaji huandika amri kwa maneno na kompyuta humjibu kwa maneno. Kihariri cha matini ni programu ya kuandikia na kusahihishia matini ghafi, yaani matini isiyo na mapambo ya chapa. Jibu la terminali linapotaja jina la faili na namba ya mstari, baadhi ya programu humwezesha mtumiaji kubofya maneno hayo, na papo hapo faili likafunguka mahali palipotajwa.

Watengenezaji wa programu wamelichukulia jambo hili kuwa ni wepesi wa kazi tu. Makala haya yanadai kwamba kwa mwanaisimu na mfasiri wa Kiswahili ni suala la ushahidi. Tokeo lisiloweza kumrudisha msomaji kwenye chanzo chake ni dai lisilo na shahidi. Kwa hiyo, kinachopaswa kushughulikiwa kwanza si kubofya kwenyewe, bali anwani inayofanya kubofya kuwezekane.

2.0 Mstari Uliokatwa na Muktadha Wake

Mfano mmoja utatosha kuonyesha uzito wa suala hili. Mtafiti anachunguza matumizi ya kiambishi -ki- katika matini ghafi alizozihifadhi ndani ya saraka moja. Anatumia grep, programu ya kutafutia ruwaza za herufi iliyobuniwa na Ken Thompson katika maabara ya Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Anaiagiza programu hiyo itoe namba za mistari, nayo inamjibu hivi:

barua.txt:412:akija mwenyewe
hadithi7.txt:38:akija mwenyewe

Kwa umbo, mistari hii miwili haina tofauti yoyote. Mtafiti mwenye haraka ataihesabu kuwa ni mifano miwili ya jambo moja. Lakini mstari katika faili ni kipande cha maandishi tu. Si sentensi wala kishazi, na mara nyingi hukatika pale ukingo wa ukurasa ulipoamua. Akifungua faili la kwanza kwenye mstari wa 412, atakuta mstari unaofuata unasema "mpeni mzigo wake". Hapo -ki- ni ya masharti. Akifungua la pili kwenye mstari wa 38, atakuta mstari uliotangulia unasema "nilimwona kwa mbali". Hapo -ki- inaonyesha tendo linaloendelea wakati tendo jingine linatukia. Tofauti iliyokuwa shabaha ya uchunguzi wote haimo ndani ya tokeo. Imo nje yake, mstari mmoja juu au mstari mmoja chini.

Sasa ikiwa mistari hiyo si miwili bali ni mia nane, gharama ya kurudi kwenye matini ndiyo itakayoamua ubora wa utafiti. Kama kila kurudi kunamlazimu mtafiti kuandika upya jina la faili, kulifungua na kuhesabu mistari, atafanya hivyo kwa mifano kumi au ishirini ya mwanzo, kisha ataanza kubahatisha. Mtafiti huyo hana kosa la uvivu. Binadamu yeyote huchoka. Lakini kama kurudi ni suala la kubofya mara moja, ataweza kuitazama mifano yote mia nane katika mazingira yake. Chombo humjengea mtafiti tabia, na tabia hiyo hujitokeza katika hitimisho lake.

Ni vyema pia kutaja hitilafu ndogo ambayo huwapata wanafunzi wengi. Programu ya grep ikitafuta ndani ya faili moja tu, kwa kawaida haitaji jina la faili. Huliona kuwa linajulikana. Hutoa namba ya mstari peke yake. Mwanafunzi akinakili tokeo hilo katika daftari lake, wiki mbili baadaye hubaki na 412 isiyo na mwenyewe. Iko amri ya kuilazimisha programu itaje jina kila mara, -H, na ingefaa amri hiyo iwe ya kwanza kufundishwa.

3.0 Historia Fupi ya Anwani

Wazo la kuipa kila sehemu ya matini anwani lilikuwapo karne nyingi kabla ya kompyuta. Katika karne ya 13, watawa wa Kidominiko mjini Paris, chini ya Hugh wa Saint-Cher, walitengeneza itifaki ya Biblia ya Kilatini, yaani orodha ya maneno yote muhimu pamoja na mahali yanapopatikana. Wakati huo Biblia ilikuwa imegawanywa katika sura, lakini aya zilikuwa bado hazina namba. Ili kufidia upungufu huo, waliigawa kila sura katika sehemu saba na kuzipa herufi kuanzia A hadi G. Itifaki yao ya kwanza ilitoa neno na anwani pasipo kunukuu maneno yaliyolizunguka, na watumiaji wakaona kwamba haitoshi. Waliofuata wakaongeza nukuu. Namba za aya za Agano Jipya zilikuja baadaye sana, katika chapa ya Robert Estienne ya mwaka 1551.

Funzo la historia hiyo lina pande mbili. Anwani bila maneno humchosha msomaji, kwa kuwa inamlazimu kufungua kila mahali kabla ya kujua kama panamhusu. Maneno bila anwani humpotosha, kwa kuwa anadhani ameona yote. Itifaki nzuri hutoa vyote viwili. Hata umbo la anwani si geni kwa msomaji wa Kiswahili. Anayeandika Yohana 3:16 au Kurani 2:255 anatumia sarufi ileile ya barua.txt:412, yaani jina au namba ya sehemu kubwa, nukta pacha, kisha namba ya sehemu ndogo.

Kompyuta zilichukua muda kujifunza sarufi hiyo. Katika kihariri ed, ambacho Thompson alikiandika mwaka 1969, jibu la kawaida la kosa lilikuwa alama moja tu ya kuuliza. Mtumiaji aliambiwa kwamba pana kosa. Hakuambiwa ni lipi. Kadiri programu zilivyokua, programu za kompaila, yaani zile zinazogeuza maandishi ya mtengenezaji programu kuwa maagizo ya mashine, zilianza kutaja faili na mstari wenye kosa. Baadaye mradi wa GNU uliweka kanuni ya maandishi, kwamba ujumbe wa kosa uanze na jina la faili, nukta pacha, namba ya mstari, nukta pacha, kisha maelezo. Kanuni hiyo inaruhusu kuongeza namba ya safu, na inaagiza kwamba mistari na safu zianze kuhesabiwa kutoka 1.

Anwani ilipopata umbo la kudumu, iliwezekana kuisoma kwa programu. Kihariri cha GNU Emacs, kilichotolewa mwaka 1985 na Richard Stallman, humpa mtumiaji amri ya kuruka kutoka kosa moja hadi jingine, kihariri chenyewe kikifungua faili linalohusika. Mfumo wa Oberon, uliobuniwa na Niklaus Wirth na Jürg Gutknecht huko Zürich katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, ulikwenda mbali zaidi. Ndani yake maneno yoyote yaliyoandikwa kwenye kioo yaliweza kuwa amri, mradi tu yawe na umbo la jina la amri. Rob Pike wa maabara ya Bell alilichukua wazo hilo katika programu yake iitwayo Acme, aliyoieleza mwaka 1994. Katika Acme mtumiaji akibofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya juu ya jina la faili lililofuatwa na nukta pacha na namba, faili hufunguka kwenye mstari huo. Haijalishi maneno hayo yameandikwa na nani, iwe kompaila, grep, barua ya rafiki au mtumiaji mwenyewe.

Jambo la kuzingatia katika Acme ni kwamba maneno hayakupambwa kwa rangi wala kupigiwa mstari. Maana ya maneno ilitokana na umbo lake na mahali yalipo, kama ilivyo katika lugha ya kawaida. Programu za leo, kwa mfano Visual Studio Code iliyotolewa na Microsoft mwaka 2015, nazo huyatambua maneno hayo ndani ya terminali yao na kuyageuza kuwa viungo vya kubofya.

4.0 Anwani kama Kielekezi

Mwanaisimu anapoitazama anwani ya namna hii, ataona kwamba ni kielekezi, na kwamba ina matatizo yote ya vielekezi.

Tatizo la kwanza ni la msimamo wa msemaji. Maneno "hapa" na "pale" hayaeleweki mpaka ijulikane aliyeyasema alisimama wapi. Anwani isemayo barua.txt:412 nayo ina maana ya "barua iliyopo hapa", na hapa hiyo ni saraka ambamo amri ilitolewa. Mtumiaji akihamia saraka nyingine, matokeo ya zamani yanabaki yameandikwa kwenye kioo, lakini "hapa" yake imekwisha kuhama. Akiyabofya, ama faili halitapatikana au, vibaya zaidi, litafunguka faili jingine lenye jina hilohilo. Programu iitwayo make, ambayo husimamia utengenezaji wa programu kubwa, imelijibu tatizo hili kwa kutangaza kila mara inapoingia saraka mpya na inapotoka, na Emacs huyasoma matangazo hayo ili ijue "hapa" ni wapi. Kwa utafiti wa lugha, njia iliyo salama ni kutaja njia nzima ya faili tangu mwanzo wa saraka ya kongoo.

Tatizo la pili ni la wakati. Namba ya mstari ni kweli kwa matini kama ilivyokuwa dakika tokeo lilipotolewa. Mtafiti akiongeza mistari mitatu juu, mstari wa 412 sasa ni wa 415, na anwani inasema uongo bila kujua. Emacs hujaribu kuzifuata sehemu hizo kwa kuweka alama zinazosogea pamoja na matini, lakini alama hizo hufa programu inapofungwa. Hii ni hoja ya kiisimu na ya kihakiki pia: matini inayonukuliwa lazima iwe na toleo lililofungwa. Msomi anayesahihisha kongoo yake huku akiinukuu anafanana na mchapishaji anayebadilisha namba za kurasa baada ya kitabu kusambazwa.

Tatizo la tatu ni la mipaka ya neno. Faili likiitwa "barua ya pili.txt", programu inayotafuta anwani kwa kutazama umbo itaona pili.txt peke yake, kwani nafasi tupu kwa kawaida ni mpaka wa jina. Kinyume chake, maneno kama "saa 10:30" yanaweza kudhaniwa kuwa ni mstari wa 30 wa faili liitwalo 10. Umbo peke yake halitoshi kutofautisha maana. Hili halimshangazi mtu yeyote aliyewahi kufundisha mofolojia.

Tatizo la nne linawagusa Waswahili kwa namna ya pekee. Anwani ikitaja safu, lazima ijulikane kinachohesabiwa ni nini. Kwa miaka mingi kompaila ya GCC ilihesabu baiti, si herufi, na ni katika toleo la 11 la mwaka 2021 ndipo ilipoanza kuhesabu safu kama jicho linavyoziona. Kwa Kiingereza cha kawaida tofauti haionekani, maana kila herufi ni baiti moja. Kwa Kiswahili hali ni nyingine. Neno ng’ombe likiandikwa kwa ritifaa ya kuchapia iliyopinda, ritifaa hiyo peke yake huchukua baiti tatu katika usimbaji wa UTF-8. Na mtafiti anayeshughulikia tenzi za kale kwa hati za Kiarabu atakuta kwamba karibu kila herufi ni baiti mbili. Programu inayohesabu baiti ikimwambia aende safu ya 40, na kihariri chake kikihesabu herufi, ataangukia mbali na neno analolitafuta. Kosa hili halitamhusu mtengenezaji programu wa California anayeandika kwa Kiingereza. Kwa hiyo halitasahihishwa mpaka wenye lugha waliseme.

5.0 Anwani na Tafsiri ya Programu

Suala la anwani lina uzito zaidi kwa wafasiri wa programu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi za aina hiyo hufanywa juu ya orodha ndefu ya maneno na sentensi fupi zilizong'olewa kutoka ndani ya programu. Mfasiri hupewa neno moja, kisha jingine, pasipo kuona dirisha litakamotokea.

Kiingereza huvumilia utaratibu huo kwa kuwa hakina upatanisho wa ngeli. Neno moja la Kiingereza lenye maana ya kufutwa laweza kuwekwa mbele ya mtumiaji bila kujali kilichofutwa ni nini. Kiswahili hakikubali. Faili limefutwa, picha imefutwa, mstari umefutwa, kitabu kimefutwa. Mfasiri asiyejua nomino inayohusika hana jibu sahihi analoweza kulitoa. Analoweza ni kukisia. Sehemu ya ukakasi ambao watumiaji huulalamikia katika programu za Kiswahili imetokana na kukisia huku, na si na umaskini wa lugha kama inavyodaiwa mara kwa mara.

Dawa ya tatizo hili imo ndani ya orodha yenyewe. Katika mafaili ya tafsiri ya mfumo wa GNU gettext, juu ya kila kifungu huweza kuwapo mstari wa maelezo kama huu:

#: src/hifadhi.c:214

Maana yake ni kwamba kifungu hicho kimetoka katika faili hilo, mstari wa 214. Mfasiri mwenye kihariri kinachoielewa anwani hii ataibofya, ataona mahali neno linapotumika na nomino inayolihusu, kisha atarudi na kuandika "limefutwa" kwa uhakika. Kwa masikitiko, iko amri ya kuziondoa anwani hizo wakati wa kuandaa orodha, na baadhi ya miradi huitumia kwa kuwa namba hubadilika kila mara na kujaza kumbukumbu za mabadiliko. Kwa mtengenezaji programu huo ni usafi wa nyumba. Kwa mfasiri wa Kiswahili ni kunyang'anywa muktadha. Mfasiri anayo haki ya kudai arudishiwe anwani kabla hajaanza kazi.

Liko pia suala la lugha ya anwani yenyewe. Baadhi ya programu huieleza anwani kwa maneno. Python, kwa mfano, hutaja faili kwa neno la Kiingereza, kisha mstari kwa neno jingine la Kiingereza likifuatwa na namba. Vihariri vinavyolitambua tokeo hilo huyatafuta maneno hayohayo. Siku ujumbe wa aina hiyo utakapotafsiriwa na kuandikwa "mstari wa 12", vihariri havitautambua, na mtumiaji wa Kiswahili ataadhibiwa kwa kutumia lugha yake. Umbo la nukta pacha halina adhabu hiyo. Tarakimu na nukta pacha si mali ya lugha yoyote. Maelezo yanayofuata anwani yanaweza kutafsiriwa kwa Kiswahili, Kihausa au Kijapani, na kiungo kikaendelea kufanya kazi. Kwa sababu hiyo umbo hilo linafaa kutetewa na watu wa lugha zisizo na nguvu kubwa katika teknolojia, hata kama lilibuniwa na watu wasiozifikiria lugha hizo kabisa.

6.0 Pingamizi

Hoja hii haikosi wapinzani, na wanastahili kusikilizwa.

Kundi la kwanza ni la watumiaji wa siku nyingi wa terminali. Wao husema kwamba terminali ni ya kuandika, na kwamba mkono unaotoka kwenye baobonye kwenda kwenye kipanya hupoteza muda na mawazo. Pingamizi hili ni la kweli kwa kiasi, lakini linagusa kidole na kuiacha anwani. Emacs huruka hadi kwenye kosa kwa vibonye peke yake, na kihariri Vim kina amri ya vibonye viwili, gF, ya kulifungua faili ambalo jina lake liko chini ya kasa na kwenda kwenye mstari uliotajwa. Kubofya ni namna moja tu ya kusema "hapo". Kila mtu atachagua namna yake.

Kundi la pili ni la walimu wanaohofia kwamba wepesi huleta uzembe. Mwanafunzi, wanasema, atarukaruka kutoka mstari hadi mstari bila kuisoma matini nzima hata mara moja. Hofu hii si ya kupuuzwa, kwani hakuna itifaki iliyowahi kuchukua nafasi ya kusoma. Hata hivyo, ikumbukwe kwamba mwanafunzi asiye na njia ya kuruka haisomi matini nzima. Hubaki na mistari iliyokatwa. Kati ya mistari peke yake na mistari yenye mlango wa kuingilia matini, la pili ni jema zaidi.

Kundi la tatu lina hoja nzito kuliko yote. Mwaka 2017 ulipendekezwa utaratibu mpya wa viungo katika terminali, unaojulikana kwa jina la OSC 8. Kwa utaratibu huo, programu haiachi anwani itambuliwe kwa umbo. Huambatanisha kiungo kisichoonekana nyuma ya maneno yanayoonekana, kama ilivyo katika kurasa za intaneti. GNOME Terminal na iTerm2 ziliupokea mapema. Faida zake ni wazi. Jina lenye nafasi tupu halikatiki, saa 10:30 haidhaniwi kuwa faili, na kwa kuwa anwani ya faili hubeba na jina la kompyuta, terminali inaweza kutambua kwamba faili limo katika mashine ya mbali. Wanaoutetea huona kwamba kukisia anwani kwa umbo kumepitwa na wakati.

Ubora huo una gharama. Kwanza, kinachoonekana na kinakokwenda vinaweza kutofautiana. Maneno yanaweza kusema barua.txt na kiungo kikaelekea kwingine kabisa, kwa bahati mbaya au kwa hila. Pili, anwani ya faili iliyotumika katika utaratibu huo haina namna iliyokubaliwa na wote ya kutaja namba ya mstari, nayo ndiyo sehemu inayomhusu mtafiti. Tatu, na hili ndilo kubwa kwa wasomi, kiungo kisichoonekana hakinakiliki. Mtafiti akilihamishia tokeo katika makala yake, akilichapisha kwenye karatasi au akilisoma kwa sauti mbele ya semina, kiungo kinapotea. Anwani iliyoandikwa wazi hupita katika karatasi, barua na mdomo, na msomaji asiye na kompyuta anaweza kuifuata kwa kidole.

Kwa hiyo viungo vilivyofichwa vikubaliwe kama nyongeza, visipewe nafasi ya anwani inayosomeka.

7.0 Mapendekezo na Hitimisho

Kutokana na mjadala huu, mambo manne yanapendekezwa kwa idara na taasisi zinazofundisha isimu na tafsiri ya Kiswahili.

(a) Kila mfano unaotolewa kwenye kongoo na kutumiwa katika tasnifu uandamane na anwani yake, yaani faili, mstari na toleo la kongoo. Mtahini awe na uwezo wa kurudi kwenye matini bila kumwuliza mwanafunzi.

(b) Programu zinazoandikwa na wanafunzi na walimu kwa ajili ya kuchambua matini zitoe matokeo yenye anwani mwanzoni, kwa umbo la nukta pacha na namba zinazoanza na 1. Zikitaja safu, zihesabu herufi, si baiti. Majina ya mafaili ya kongoo yasiwe na nafasi tupu.

(c) Wafasiri wa programu wadai orodha zenye anwani, na wanapotafsiri ujumbe wasiiguse anwani wala kuisogeza kutoka mwanzoni.

(d) Somo la mbinu za utafiti litenge saa chache za kufundisha njia ya kurudi kutoka tokeo hadi matini. Kwa sasa wanafunzi wengi hufundishwa kutafuta, na kurudi hujifunza wenyewe au wasijifunze kabisa.

Mapendekezo haya hayahitaji fedha. Programu zilizotajwa, kuanzia grep hadi Emacs na Vim, hupatikana bure na hufanya kazi katika kompyuta za zamani. Yanahitaji nidhamu, na nidhamu hiyo si mpya. Wanazuoni wa pwani wanaponukuu huulizana mapokezi, na nukuu isiyojulikana imetoka kwa nani na wapi haikubaliwi kuwa hoja. Kompyuta haijaibadili kanuni hiyo. Imeongeza idadi ya nukuu zinazoweza kukusanywa kwa asubuhi moja, na kwa hiyo imeongeza idadi ya zile zinazoweza kukosewa. Mfano wa -ki- uliotangulia ulikuwa na maneno mawili tu katika kila mstari. Maana yake ilikaa mstari mmoja pembeni, na bila ya 412 na 38 hakuna ambaye angejua pa kuitafuta.